Bi Tatu wa Shaba Anastaafu kwa Mara ya Nne

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Bi Tatu wa Maabara ya Shaba anastaafu rasmi baada ya miaka thelathini na mitano ya utumishi katika taasisi yetu. Wasomaji wenye kumbukumbu nzuri watauliza mbona alishastaafu mwaka jana, na mwaka juzi, na mwaka wa kabla yake. Ni kweli. Jarida hili limekwisha kumuaga mara tatu. Mara zote wasifu niliuandika mimi, keki ikaliwa, hotuba zikatolewa, na Jumatatu iliyofuata mwenyewe akaonekana getini na mkoba begani, akiuliza kama kuna kipande cha keki kilichobaki. Safari hii mhariri ameniomba niandike upya badala ya kubadilisha tarehe tu. Amefanya vizuri, kwa sababu safari hii anaondoka kweli, na jinsi alivyofaulu kuondoka ni habari ambayo wengi mmeisikia nusunusu kantini.

Kwa walioajiriwa karibuni, nieleze kwanza kazi yake. Shaba, hii hii ya kwenye nyaya za umeme, ikiingia katika kampaundi hupoteza elektroni. Ikipoteza moja, mara nyingi haina hata rangi. Ikipoteza mbili inakuwa ya buluu au ya kijani, na hapo ndipo hupenda kutulia. Karibu shaba yote iliyomo katika chupa za maabara ni ya namna hiyo. Lakini ukiibana sana, ukaizungushia vitu vyenye uchu wa elektroni kuliko yenyewe, unaweza kuipokonya na ya tatu. Hapo inakuwa na rangi ya kahawia iliyokolea, na inakuwa na kisirani. Inataka elektroni yake irudi na haichagui pa kuichukua: itaichukua kwenye maji, kwenye karatasi, hata kwenye kidole chako. Ikishaipata, inarudi kuwa ya buluu kama vile hakuna kilichotokea.

Kuitengeneza shaba ya tatu si kazi kubwa sana. Kuifanya ibaki hivyo ndiyo kazi, na Bi Tatu aliifanya ibaki, mwaka baada ya mwaka, katika chupa moja nyeusi yenye kizibo cha kioo. Watu walitoka mbali kuja kuitazama chupa hiyo. Jina la utani alilipata huko, na likamganda hata kwenye mlango wa ofisi. Jina lake la kwenye hati ya mshahara analijua mhasibu peke yake, naye ameshalisahau.

Mimi ninayeandika ni mtu wa zinki. Zinki hupoteza elektroni mbili, basi, habari imekwisha. Nimefanya kazi chumba kinachopakana na chake miaka yote hii, na sikumbuki mgeni aliyewahi kusimama mlangoni kwangu isipokuwa aliyepotea njia ya kwenda kwa Bi Tatu. Sina kinyongo. Nasema tu mapema, ili ijulikane kwamba sifa nitakazomwaga hapa hazitoki kwa shabiki.

Adui mkubwa wa ile chupa ni unyevu, na pumzi ya binadamu ina unyevu. Kwa hiyo Bi Tatu aliweka kanuni moja tu katika maabara yake: ukiingia, unabana pumzi. Ukitaka kuhema, unatoka nje, unahema, unarudi. Mazungumzo ya kitaalamu yalifanyika kwa mikono na nyusi. Wageni wakubwa waliambiwa mlangoni, wakacheka wakidhani ni utani, kisha wakatoka wamegeuka rangi ya zambarau na wakaandika barua za pongezi. Profesa mmoja alizimia. Alipozinduka alisema ilikuwa ziara nzuri kuliko zote za maisha yake.

Kanuni hiyo ilimletea faida ambazo nina hakika hakuzipanga, ingawa sitaapa. Mhasibu alikuwa akiingia mle kumwambia kwamba hakuna fungu la pampu mpya, anaonyeshwa pampu mbovu kwa kidole, anatikisa kichwa, anaonyeshwa tena, pumzi inamwishia, anatikisa kichwa kwa namna nyingine ili mambo yaishe atoke. Pampu ilinunuliwa. Hivyo ndivyo zilivyonunuliwa mizani, jokofu, viti na ile mashine ya kukausha hewa ambayo ni kubwa kuliko chumba changu.

Na katika mashindano ya michezo ya taasisi, nani asiyekumbuka yule mhasibu? Hakujua kuogelea. Aliingia bwawani, akazama taratibu mpaka chini, akatembea kwa miguu hadi upande wa pili, akapanda ngazi, akachukua kikombe. Waamuzi walijadiliana hadi magharibi, wakakosa kanuni inayomkataza. Vikombe vyote vilivyopo kwenye kabati la mapokezi ni matunda ya Maabara ya Shaba, na hakuna hata mmoja wa washindi anayejua kuogelea kwa mtindo unaoeleweka.

Ile mashine ya kukausha hewa nayo ina historia yake. Ilinunuliwa kwa ajili ya chumba kimoja, lakini mafundi waliifunga kwenye bomba la jengo zima, na ikaanza kutukausha wote. Milango ilisinyaa ikawa haifiki kwenye fremu. Miguu ya viti ilichomoka. Kiti cha Mkurugenzi kilimwangusha mbele ya wafadhili, akiwa katikati ya neno "uthabiti". Tulitembea na mafuta ya midomo mfukoni, tukang'aa hivi kwamba wageni waliondoka wakituona watu watanashati kupita kiasi. Bi Tatu alipoombwa aizime kidogo alisema hana ubaya, ila aliyeomba aje mwenyewe amweleze shaba. Hakuna aliyekwenda.

Mafanikio yake mengine ni mengi na yameandikwa kwingine kwa lugha nzito. Hata hivyo moja lazima nilitaje, maana nilikuwepo. Zipo hali ambazo shaba hupoteza elektroni ya nne. Hilo huwezekana ikibanwa pamoja na florini, gesi yenye uroho kuliko zote, na ni wachache mno waliowahi kuliona. Bi Tatu alilijaribu miaka mitano. Siku ilipotokea alinigongea ukuta, nikaja mbio, nikabana pumzi, nikainama kwenye kidirisha. Alinyanyua kidole kuniambia ndiyo hiyo inakuja. Nikapiga chafya. Nilipofungua macho, shaba ilikuwa imekwisha kurudi ilikotoka. Anasema ilikuwa ya rangi ya chungwa, nyekundunyekundu, nzuri ajabu. Siwezi kumbishia. Tangu siku hiyo kila mgeni anayekuja kwake huonyeshwa chupa kwanza, halafu hutolewa nje na kuonyeshwa mimi, mtu aliyepiga chafya.

Sasa tuje kwenye kustaafu, na kwa nini kulimshinda mara tatu.

Kanuni za taasisi zinasema mstaafu hataondoka kabla hajakabidhi mali aliyokuwa akiitunza, na mali hiyo itakabidhiwa katika hali ileile aliyoipokea, baada ya kukaguliwa kwa macho na Kamati ya Makabidhiano. Kamati ni watu watatu: Mkurugenzi, mhasibu, na yule anayepokea, ambaye ni mrithi wa Bi Tatu, mkemia hodari aliyekaa mkao wa kupokea kwa miaka minne bila kulalamika. Chupa ni nyeusi, kwa sababu shaba ya tatu haipendi mwanga. Chupa nyeusi haionyeshi kilichomo. Kwa hiyo, ili kuhakikisha kwamba kilichomo hakijaharibika, Kamati hufungua kizibo. Na kizibo kikifunguliwa, kilichomo huharibika.

Bi Tatu aliwaeleza. Aliwaeleza kwa mdomo na kwa kuchora. Walimsikiliza kwa heshima zote, wakasema wameelewa kabisa, na kwamba kitu kisichoonekana hakikabidhiki. Basi mara ya kwanza walifungua, wakatazama, na mbele ya macho yao unga ule wa kahawia ukaanza kuota ukijani juujuu. Kamati ikaandika kwamba mali haikuwa katika hali iliyopokelewa. Mstaafu akarudishwa kazini kuirekebisha. Kuirudisha shaba ile katika hali yake ya tatu huchukua miezi, na ilipokuwa tayari, Juni nyingine ilikuwa imefika. Wakafungua tena. Mara ya tatu Mkurugenzi alishauri wafungue kwa haraka zaidi, wakafungua kwa haraka zaidi, na ikaharibika kwa haraka zaidi.

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na niliandika kuhusu jambo hilo humu humu kwenye jarida. Nilicheka mpaka Juni ya mwaka jana, niliponyanyuliwa kantini nikiwa na keki mkononi nikatumwa nje, nikamwambie mume wake kwamba hatoki.

Mume wake ni fundi wa saa. Mara ya kwanza na ya pili alikuja kumchukua kwa gari lake mwenyewe, akarudi na kiti kitupu. Safari ile alikuja na teksi. Nikamkuta amesimama karibu na stoo, mlango wa nyuma wa teksi ameufungua tayari, na kwenye kiti ametandika kitambaa safi. Nikampa habari. Akasema haya. Nikamuuliza kama gari lake limeharibika.

"Gari zima, shemeji," akasema. "Mimi ndiye mbovu."

Ana presha ya macho. Kibanda chake cha saa alikwisha kukifunga, maana skrubu za saa za mkono zilikuwa zimeanza kumkimbia. Akanieleza bila kujihurumia, kama fundi anayemweleza mteja saa yake ina tatizo gani. Alisema anapomtazama mke wake sasa hivi, pembeni kote ni giza, ila katikati yumo. Na daktari amemwambia hapo katikati napo panaendelea kuminywa.

"Sitaki makubwa," akasema. "Nataka muda huu uliobaki, hapo katikati awepo yeye. Sasa nashinda natazama ukuta. Ukuta nimeshauona."

Akamwomba dereva msamaha kwa kumpotezea muda, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilirudi kantini na ile keki, nikaiweka chini. Nilikwenda kumpa Bi Tatu habari ile nikijifanya mjumbe, kumbe yeye ndiye anayemdondoshea dawa kila jioni. Alinisikiliza, akavaa koti lake jeupe, akaingia maabara, akaanza upya kuirekebisha shaba. Niliona midomo yake ikitetemeka, lakini mle ndani hakuna ruhusa ya kulia, machozi nayo ni maji.

Mwaka huu wote alifanya kazi kimya. Nilidhani amekata tamaa. Kumbe alikuwa anajipiga moyo konde, maana alikwisha kuiona njia ya kutoka, na haikuwa njia rahisi kwake.

Jumatatu ya wiki hii Kamati ilikutana kwa mara ya nne. Tuliingia maabara tukiwa tumebana pumzi kama kawaida: Mkurugenzi, mhasibu, mrithi, na mimi kama shahidi. Safari hii kulikuwa na mtu mwingine. Bi Tatu alikuwa amemleta mume wake, amemsimamisha karibu na dirisha, na kabla hatujaingia, wakiwa bado mlangoni, nilimsikia akimwambia, "Wewe pumua tu." Miaka thelathini na mitano sijawahi kumsikia akimwambia mtu maneno hayo.

Mkurugenzi akanyoosha mkono kwenye kizibo. Bi Tatu akauzuia. Halafu akafanya jambo lililotushtua kuliko mlipuko: akafungua mdomo, ndani ya Maabara ya Shaba, akazungumza.

"Mkurugenzi, nikumbushe. Natakiwa kuirudisha katika hali gani?"

Mkurugenzi akatoa macho. Akajaribu kujibu kwa nyusi. Bi Tatu akasema hajaelewa. Akajaribu kwa mikono. Hajaelewa bado. Tulimwona akiiva, kutoka shingoni kwenda juu, akijikaza kisabuni, hadi pumzi ikamtoka kwa kishindo.

"Katika hali uliyoipokea, mama! Si tumesema!"

"Na niliipokea ikiwa nini?"

Hapo akanigeukia mimi. Na mimi ndipo nikaelewa. Siku tulipoajiriwa, mimi na yeye tulipanga foleni moja stoo, mimi mbele yeye nyuma. Mimi nilipewa kopo la zinki. Yeye alipewa mfuko wa mrututu, huu wa buluu ambao wakulima hunyunyizia mazao. Mrututu ndiyo shaba ya mbili, ya kawaida kuliko zote. Hakupokea shaba ya tatu kwa mtu yeyote. Ile ya kahawia aliitengeneza mwenyewe kutoka humo, kwa mikono yake, na taasisi haikuwahi kumpa kitu kingine chochote isipokuwa ule mfuko. Nikahema, nikasema hayo yote kwa sauti, na ninakiri kwamba nilisikia raha sana kuongea mle ndani.

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole, "Lakini mama, hii ndiyo sifa yetu. Hii ndiyo inayoleta wageni." Bi Tatu akamjibu kwamba njia ya kuitengeneza ameiandika yote na mrithi wake anaijua kwa moyo, kwa hiyo sifa ya taasisi iko palepale, mrithi huyo atatengeneza ya kwake, na aitunze anavyotaka. "Ila hii ni ya kwangu," akasema. "Nimeibana miaka yote isichukue inachokitaka. Imetosha."

Akaimimina yote kwenye bika, ile gilasi pana ya maabara. Akachukua asidi iliyozimuliwa, ile ya kawaida kabisa iliyoko kwenye kila meza, akairudisha mezani, akaichukua tena. Tunaotaniana naye kila siku tungependa kusema alifanya kwa mbwembwe, lakini hapana, ilimuuma na kila mtu aliona. Kisha akamwaga.

Ilichemka. Oksijeni ilitoka kwa mapovu madogo yaliyosukumana, ile kahawia ikavurugika, ikawa na ukijani, ukijani ukaanza kusafika kutoka chini kuja juu. Hakuna aliyehema, kwa mazoea tu, maana hapakuwa tena na cha kulinda. Na mapovu yalipokwisha, ndani ya bika palikuwa na buluu ambayo mimi mwenyewe, niliyezoea unga mweupe, sijui niielezeje. Ilijaza meza nzima kwa mwanga wa dirishani.

Bi Tatu akaichukua ile bika, akaipeleka kwa mume wake, akaishika mbele ya uso wake, katikati.

Fundi akainamisha kichwa kidogo, akaisogeza, akaisogeza tena, kama anayetafuta skrubu. Halafu akatulia.

"Hii naiona," akasema.

Mhasibu, bingwa wetu wa kubana pumzi, ndiye aliyekuwa wa mwisho kuhema, na alipohema alilia waziwazi. Mkurugenzi alitia saini akiwa amesimama. Bi Tatu alivua koti lake jeupe, akalitundika, akamshika mume wake mkono, wakaondoka saa nne asubuhi, saa ambayo hajawahi kuondoka kazini hata alipokuwa mgonjwa. Ule mrututu umekauka ukawa fuwele nzuri na umerudishwa stoo, uzito wake umepungua kidogo sana, na mtunza stoo ameupokea bila swali. Mrithi wake amekwisha kuanza kupika shaba ya tatu ya kwake, na Kamati imekubali, baada ya kikao kirefu, kwamba chupa yake iwe na kidirisha chenye kifuniko.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, Bi Tatu, pokea shukrani zetu. Umetufundisha kunyamaza pale panapostahili kunyamaza, na siku moja ukatufundisha kusema. Umetuachia vikombe visivyo halali sana, midomo inayong'aa, na wanafunzi ambao sasa wana wanafunzi wao. Mimi umeniachia ukuta usiogongwa, na nitausikiliza muda mrefu. Wewe na fundi wako kaeni vizuri. Kuleni kwa wakati, gombaneni kidogo, na mtazamane sana. Tunawaombea siku ndefu zenye mwanga wa kutosha.

Wasomaji mtakuwa mmeona kwamba wasifu huu umechapwa kwa herufi kubwa kuliko kawaida ya jarida, na umekula kurasa zilizotengwa kwa matangazo. Mume wake ndiye aliyeomba. Nilimwambia nitakwenda kwao nimsomee, akakataa. Alisema habari za mke wake anataka kuzisoma mwenyewe, wakati bado anaweza.